Mabaka Sugu ya Mzio: Hatua za Tiba Dawa ya Kawaida Inaposhindwa

Mkazi wa Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu mkoani Shinyanga, anayeamka kila siku na mabaka yanayowasha mwilini, mara nyingi huanzia duka la dawa. Hupewa vidonge vya mzio, hupata nafuu kwa muda, kisha mabaka hurejea. Baadhi huishia kutumia vidonge au sindano za steroidi bila cheti cha daktari, hatua inayoweza kuleta madhara makubwa kuliko mwasho wenyewe.

Kitabibu, mabaka hayo huitwa urtikaria. Kwa kawaida kila baka hutoweka ndani ya saa 24 bila kuacha alama, huku mengine yakijitokeza kwingine. Hali hiyo ikidumu kwa zaidi ya wiki 6 huitwa sugu. Ugonjwa huu hauambukizi, na kwa wagonjwa wengi chanzo chake si chakula. Seli za kinga zilizomo ndani ya ngozi humwaga kemikali iitwayo histamini, mara nyingi kwa sababu kinga ya mwili imejigeukia yenyewe.

Kabla ya kuhitimisha kuwa dawa imeshindwa, daktari huangalia ni dawa gani iliyotumika na kwa namna gani. Piritoni huleta usingizi, jambo la hatari kwa dereva wa bodaboda au mchimbaji, na si chaguo la kwanza. Zinazopendekezwa ni dawa kama setirizini na loratadini, zinazotumiwa kila siku bila kusubiri mwasho uanze. Mgonjwa huulizwa pia kuhusu dawa za maumivu, kwa kuwa aspirini, diklofenaki na ibuprofeni huzidisha mabaka kwa baadhi ya watu. Kwa kuwa kichocho na minyoo bado vipo Kanda ya Ziwa, vipimo vya damu, choo na mkojo vinaweza kuhitajika.

Mwongozo wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022 unaelekeza kuwa, endapo dozi ya kawaida haitoshi baada ya wiki 2 hadi 4, daktari anaweza kuiongeza hatua kwa hatua hadi mara 4. Mgonjwa hapaswi kujiongezea mwenyewe.

Hatua hiyo isipofanikiwa, hufuata omalizumabu, sindano ya miligramu 300 inayochomwa chini ya ngozi kila baada ya wiki 4. Dawa hii hunasa kingamwili za IgE zinazochochea seli kumwaga histamini. Gharama yake ni kubwa, na hutolewa chini ya daktari bingwa. Isipofaa, siklosporini inaweza kuongezwa, lakini mgonjwa hulazimika kupimwa figo na shinikizo la damu mara kwa mara.

Steroidi, kama vile prednisoloni, zina nafasi finyu: mwongozo huo unaziruhusu kwa muda usiozidi siku 10, mabaka yanapolipuka. Zikitumika kwa muda mrefu huweza kuleta kisukari, shinikizo la damu na udhaifu wa mifupa. Kishapu, penye mgodi wa almasi wa Mwadui, na ukanda wa dhahabu wa Geita vina wachimbaji wengi, na vumbi la mwamba huongeza hatari ya kifua kikuu. Steroidi na siklosporini hupunguza kinga na huweza kuamsha vimelea vya kifua kikuu vilivyojificha mwilini. Hivyo, mwenye kikohozi cha muda mrefu au aliyewahi kufanya kazi mgodini amweleze daktari mapema.

Wananchi wanashauriwa kuanzia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, ambako rufaa hutolewa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Shinyanga au Bugando jijini Mwanza. Ni vyema kwenda na orodha ya dawa zote zilizotumika pamoja na picha za mabaka zilizopigwa kwa simu, kwani huenda yakawa yametoweka siku ya kuonana na daktari.

Anayevimba ulimi au koo, kupumua kwa shida au kuishiwa nguvu ghafla, afikishwe hospitali mara moja.

Kwa wagonjwa wengi urtikaria sugu hutulia yenyewe baada ya miaka kadhaa. Hadi hapo, lengo la tiba ni mgonjwa alale, afanye kazi na aishi bila mabaka.