Mguu Uliokonda

Masomo: 1 Timotheo 4:7-8, Waebrania 12:1-2

 

Miaka kadhaa iliyopita nilianguka na baiskeli nikitoka kuongoza Ushirika Mtakatifu katika mojawapo ya makanisa ninayoyatunza. Mguu ulivunjika, ukatiwa plasta kwa majuma sita. Siku plasta ilipokatwa nilishtuka. Mguu ule ulikuwa umekonda kama wa mtu mwingine. Nikamwuliza daktari kama nimepatwa na ugonjwa wa pili. Akasema, "La, mchungaji. Mfupa umeunga vizuri. Mguu umekonda kwa sababu haukufanya kazi." Akanieleza kwamba msuli usiotumika hupungua, hata mtu akila vizuri. Ili kuurudisha ni lazima nifanye mazoezi, kidogo kidogo, kila siku.

Ndugu zangu, nina jambo la kuungama. Nilipolala nyumbani nilidhani nimepata nafasi ya kuomba kuliko wakati wowote. Haikuwa hivyo. Kwanza niliacha sala za asubuhi kwa sababu ya maumivu. Kisha maumivu yakaisha, na sala hazikurudi. Sikumkana Bwana. Sikufanya dhambi ambayo jirani angeiona. Nilikaa tu. Usiku ule, nilipoutazama mguu wangu, nilitambua ya kwamba vitu viwili vimekonda nyumbani mwangu, na plasta ilikuwa imefunga kimoja tu.

Mtume Paulo alimwagiza Timotheo ajizoeze utauwa. Neno la Kigiriki alilotumia ni lile la mazoezi ya wanamichezo. Wala hakuyadharau mazoezi ya mwili. Asema yana faida kidogo, bali utauwa una faida ya maisha haya na ya yale yajayo.

Basi, tusikosee hapa. Mazoezi hayakuunga mfupa wangu. Mungu aliuunga nilipokuwa nimelala, nisiweze lolote. Vivyo hivyo hatuokolewi kwa bidii yetu, bali kwa neema. Lakini mguu ulioponywa umepewa ili utembee.

Nilianzaje? Siku ya kwanza nilifika mlangoni tu, nikimshika mke wangu begani. Siku ya pili, mlangoni tena. Baada ya siku nyingi nikafika barabarani. Na sala nazo nilizianza hivyo hivyo: zaburi moja, na maneno machache ya kweli mbele za Mungu. Mtu aliyeacha kuomba mwaka mzima asijiwekee nadhiri ya kukesha usiku kucha. Atachoka kesho, aache tena. Aanze na mlango. Tena atafute bega la kushika, yaani ndugu mmoja wa kuomba naye.

Labda wewe wasema, "Mimi nimechelewa mno. Wenzangu wamekwisha fika mbali." Mkumbuke John Stephen Akhwari wa Tanzania. Mwaka 1968, katika mbio ndefu za Olimpiki huko Mexico, zaidi ya kilomita 42, alianguka akaumia goti. Alifungwa bendeji, akaendelea. Wengine walikwisha kuacha njiani. Yeye aliingia uwanjani akichechemea, wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Hakupata nishani yo yote, lakini alimaliza, na hata leo watu wanamkumbuka.

Mwandishi wa Waebrania hatuambii tuwapite wenzetu. Atuambia tupige mbio kwa saburi, tukimtazama Yesu. Yeye hatungoji mwisho wa njia tu. Ndiye aliyetuanzishia safari yenyewe.

Kesho asubuhi, kabla ya chai, utafika mlangoni?

Tuombe. Ee Bwana, umetuponya bure. Utusamehe kwa kuwa tumekaa tu. Utupe nguvu ya hatua moja leo, na nyingine kesho, hata tufike kwako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.