Kutoka Kutunisha Misuli hadi Majaribio ya Futiboli ya Chuo

Futiboli ya Kimarekani huchezwa na watu 11 kila upande, kwenye uwanja wa yadi 100, karibu mita 91, bila kuhesabu maeneo ya kufungia. Mchezo wenyewe haufululizi. Kila shambulizi huisha ndani ya sekunde nne hadi sita, kisha safu hupangwa upya, na saa ya sekunde 40 huhesabu muda wa kuanza tena. Katika sekunde hizo chache mchezaji huchomoka, hugeuka ghafla, na huenda akamkabili kwa kifua mtu mwenye kilo zaidi ya 100. Mtunisha misuli huandaa mwili utakaotazamwa na waamuzi, lakini kocha wa futiboli hutazama miguu: inaanza vipi, inasimama vipi, inabadili njia kwa wepesi gani.

Vyuo vikuu vingi vya Marekani huruhusu wanafunzi wasio na ufadhili wa michezo kufanya majaribio ya kujiunga na timu. Njia hiyo imetoa wachezaji wakubwa. Baker Mayfield aliingia hivyo Texas Tech, kisha Oklahoma, na mwaka 2017 akatwaa tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo. Ezekiel Ansah wa Ghana alijiunga na timu ya Brigham Young mwaka 2010 akiwa hajawahi kuucheza mchezo huo, na mwaka 2013 timu ya kulipwa ya Detroit Lions ilimchagua akiwa wa tano nchini kote. Hata hivyo, mlango sasa ni mwembamba zaidi. Tangu msimu wa 2025, vyuo vya ngazi ya juu vilivyoingia katika mpango mpya wa kuwalipa wanamichezo vina kikomo cha wachezaji 105, hivyo nafasi za wasio na ufadhili zimepungua.

Makocha wa zamani waliamini kwamba vyuma humfanya mchezaji awe mzito na mgumu wa viungo. Imani hiyo ilianza kuvunjika Chuo Kikuu cha Nebraska mwaka 1969, kocha mkuu Bob Devaney alipomwajiri Boyd Epley, mruka kwa upondo aliyekuwa akinyanyua vyuma kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Inaelezwa kwamba Devaney alimpa sharti moja: mchezaji yeyote akipungua kasi, kazi imekwisha. Nebraska ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1970 na 1971, na mwaka 1978 Epley akaanzisha chama cha kitaifa cha makocha wa nguvu. Sharti la Devaney bado ndilo kipimo sahihi cha kila zoezi la jimu kwa mtu anayejiandaa kwa majaribio.

Ratiba ya kawaida ya mtunisha misuli hugawa mwili vipande: leo kifua, kesho mgongo, keshokutwa mikono. Kila zoezi hurudiwa mara 8 hadi 12 kwa mapumziko mafupi, mpaka msuli uwake moto. Njia hiyo hukuza ukubwa wa msuli vizuri sana, na ukubwa huo si wa kutupwa, kwani wachezaji wa safu ya mbele wanauhitaji, na shingo na mabega yenye nyama hustahimili migongano. Kasoro iko kwenye muda. Mtu anapokimbia kwa kasi yote, unyayo hugusa ardhi kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, ilhali msuli huhitaji zaidi ya mara tatu ya muda huo kufikia nguvu yake ya juu kabisa. Kwa hiyo kinachoamua ni kiasi cha nguvu kinachopatikana mapema, kabla unyayo haujaondoka ardhini.

Wiki 12 zinatosha kubadili mwelekeo kwa mtu ambaye tayari ana misuli. Siku nne za mazoezi kwa wiki zinafaa: mbili za mbio na miguu, mbili za sehemu ya juu ya mwili. Mbio ndizo hutangulia, mwili ukiwa haujachoka. Wiki mbili za kwanza zikimbiwe kwa takriban robo tatu ya kasi, kwa sababu misuli ya nyuma ya paja, hata ikiwa mikubwa, huchanika kirahisi kama haijazoea kukimbia. Zoezi la kupiga magoti, vifundo vya miguu vikiwa vimeshikwa na mtu mwingine, na kujishusha mbele polepole limethibitika kupunguza majeraha hayo.

Baada ya hapo hufuata mbio za yadi 10 hadi 40 kwa kasi kamili, na hapa ndipo wengi wanaotoka jimu hukosea. Wamezoea kuona mapumziko marefu kuwa uvivu. Nishati inayotumika katika mlipuko wa sekunde chache hurudi nusu kwa takriban nusu dakika, lakini kuijaza karibu yote huchukua dakika tatu hadi tano. Anayekimbia tena kabla ya hapo anajifunza kukimbia akiwa amechoka.

Kwenye vyuma, mazoezi ya msuli mmoja mmoja hupisha yale yanayotumikisha mwili mzima: kuchuchumaa na chuma mabegani, kukiinua kutoka sakafuni, kukinyakua hadi mabegani kwa mkupuo mmoja, kukisukuma juu ya kichwa, na kujivuta kwenye mtambaa. Uzito huwa mkubwa, marudio matatu hadi matano. Mikono ibakiziwe dakika chache za mwisho.

Vipimo vinavyotumika sana ni mbio za yadi 40, yaani mita 36.6, kuruka juu na mbele kwa kusimama, na mbio za kugeuka: yadi tano upande mmoja, kumi upande wa pili, tano kurudi. Vifanyiwe mazoezi kama vilivyo, kwa njumu, kwenye nyasi. Wiki nne za mwisho huongezewa milipuko mifupi yenye mapumziko ya sekunde 30 hadi 40, kwa mwendo wa mchezo wenyewe. Wiki ya mwisho kazi ipunguzwe kwa nusu bila kupunguza kasi.

Chakula nacho hubadilika. Kujinyima wanga ili misuli ionekane hakumsaidii mkimbiaji. Wali, ugali na viazi virudi mezani, pamoja na protini ya takriban gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili. Virutubisho vya madukani vichunguzwe kwa makini, kwa kuwa NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, humfungia kwa mwaka mzima mwanamichezo anayekutwa na dawa za kukuza misuli, hata kama alizinywa ndani ya unga asioujua.

Pupa ni hatari. Januari 2011 wachezaji 13 wa Chuo Kikuu cha Iowa walilazwa hospitali, misuli ikiwa imevunjikavunjika, baada ya mazoezi makali mno waliporejea kutoka likizo.

NCAA hutaka pia uchunguzi wa daktari kabla ya majaribio, pamoja na uthibitisho wa hali ya vinasaba vya selimundu, hasa baada ya kifo cha mchezaji wa Chuo Kikuu cha Rice mwaka 2006. Mwenye kinasaba kimoja tu huishi kama kawaida, lakini mbio mfululizo bila mapumziko zinaweza kumuua. Vinasaba hivyo vimeenea ukanda wa Ziwa Victoria na pwani ya Afrika Mashariki. Kijana yeyote mwenye asili ya huko apime damu kabla ya kuanza wiki ya kwanza, na amweleze kocha majibu yake.