Klachi ya bodaboda: usiiunguze mchangani

Injini inalia lakini pikipiki haiendi? Klachi inateleza, na hesabu ya tajiri haingoji.

Msikilizaji, kwenye mchanga wa Chamazi au kilima cha Madale usiendeshe ukiwa umebana klachi nusu. Pleti zinasuguana, zinapata moto, zinaisha. Ondoka na gia namba moja, kisha achia klachi yote.

Mkono wa klachi ucheze milimita 10 hadi 20 kwenye ncha. Waya ukikazwa mno, pleti hazishiki vizuri. Weka oili ya pikipiki. Baadhi ya oili za gari hutelezesha pleti.

Unabeba mizigo? Spoketi ya mbele ikitoka meno 14 kwenda 13, mvuto unaongezeka karibu asilimia 8, ila kasi inapungua.