Siri ya vipande vinavyohamahama ndani ya mwanzi

MKULIMA wa mahindi huenda amewahi kumenya hindi akakuta baadhi ya punje zina madoadoa ya zambarau, ilhali nyingine kwenye gunzi lilo hilo zina rangi moja. Wengi huwatupia kuku na kuendelea na shughuli zao. Mwanasayansi wa Marekani, Barbara McClintock, hakufanya hivyo. Katika miaka ya 1940, kwenye maabara ya Cold Spring Harbor, New York, alizichunguza punje za aina hiyo akabaini kuwa baadhi ya vipande vya chembechembe za urithi hubanduka mahali pamoja na kujipachika pengine. Kipande kikiingia katikati ya jeni ya rangi, rangi hupotea. Kikihama, rangi hurejea.

Wengi wa wenzake waliupokea ugunduzi huo kwa shaka. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 81.

Mwanzi ni jamaa wa mahindi. Japo hurefuka mithili ya mti, kama tuuonavyo kwenye miteremko ya Aberdare na Mlima Kenya, wataalamu huuweka katika jamii moja ya nyasi pamoja na mahindi, mpunga, ngano na miwa. Nao umejaa vipande hivyo vya McClintock.

Mwaka 2013, watafiti nchini China walichapisha jenomu, yaani maandishi yote ya urithi, ya mwanzi uitwao moso, unaothaminiwa sana huko kwa mbao na machipukizi yake yanayoliwa. Urefu wa maandishi hayo ulikadiriwa kuwa herufi bilioni 2.05. Mpunga una takribani milioni 400 pekee. Kiini kimoja cha tofauti hiyo ni kwamba jenomu ya mababu wa moso iliwahi kurudufika nzima. Kingine ni vipande vinavyohama: vyenyewe na mabaki yake vilikadiriwa kuwa asilimia 59 ya jenomu yote.

Havihami kwa njia moja. Vipo vinavyojikata na kujibandika kwingine, na kwa kawaida hivyo haviongezi sana ukubwa wa jenomu. Vilivyo vingi zaidi katika moso, vya makundi yaitwayo Gypsy na Copia, hubaki palepale na kutuma nakala zao kwingine. Nakala huzaa nakala, na jenomu hufura.

Jambo la kuvutia ni kwamba vipande hivi vya nakala hubeba saa yao wenyewe. Kinapojipachika, ncha zake mbili huwa zinafanana herufi kwa herufi. Kadiri miaka inavyosonga, kila ncha hupata makosa yake. Mtafiti akihesabu tofauti baina ya ncha hizo, hukadiria kipande kiliingia lini.

Mmea nao haukubali kuvamiwa hivi hivi. Huvibandika vipande hivi alama za kikemikali zinazovinyamazisha, na vingi hulala hadi makosa yanapoviharibu kabisa. Kwa maoni yangu, jina la "takataka" walilovipa baadhi ya wanasayansi kwa miaka mingi lilitolewa kwa pupa. Ni kweli vingi havina faida inayojulikana, lakini kimoja kikitua karibu na jeni, chaweza kuizima, kuiamsha au kubadilisha wakati inapofanya kazi.

Kwa mwanzi, hilo si dogo. Moso huzaa mbegu kwa nadra mno: nchini Japani, mianzi iliyooteshwa kwa mbegu mwaka 1912 ilichanua mwaka 1979. Kati ya nyakati hizo huenea kwa mashina yatambaayo ardhini, hivyo msitu mzima waweza kuwa na urithi uleule. Pasipo kuchanganya mbegu za kiume na za kike, mabadiliko yanayozuka ndani ya mmea wenyewe, yakiwemo yanayoletwa na vipande hivi, ni miongoni mwa vyanzo vichache vya sura mpya.

Upande wa pili wa shilingi wawahusu wanaonunua miche iliyozalishwa maabarani kutokana na vijisehemu vya mmea. Katika mpunga, kipande kiitwacho Tos17, ambacho kwa kawaida husinzia, huamka na kujinakili seli zinapokuzwa kwenye chupa. Miche inayotarajiwa kufanana na mama yake yaweza basi kutofautiana naye, na katika mwanzi, kasoro inayohusu maua huenda mkulima asiione maisha yake yote.