Kwa Nini Barua Pepe ya Kikundi Haifiki?



Kikundi kimoja cha akina mama ninachokitembelea kilituma ombi la tangi la maji kwa wafadhili. Katibu alilituma kwa barua pepe siku nne kabla ya tarehe ya mwisho. Wakangoja, kimya. Walipopiga simu, muda ulikuwa umepita. Barua ilikuwa imelala kwenye spamu ya mfadhili. Wengine wakaanza kumshuku katibu, na kumbe kosa si lake.

Kikundi kilikuwa na jina lake kwenye intaneti, yaani domeini, inayoishia na .or.ke. Sasa, mjanja yeyote anaweza kutuma barua pepe kwa jina lenu, vile mtu anaweza kuandika jina la jirani nyuma ya bahasha. Kwa hivyo kompyuta ya mpokeaji huuliza: barua hii imetoka kwao kweli? Jibu hulitafuta kwenye rekodi za domeini yenu. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo hudai kila mtumaji awe na SPF au DKIM, na anayetuma barua nyingi sana awe na zote, pamoja na DMARC.

Rekodi muhimu ni nne:

1. MX. Ni kama nambari ya sanduku la posta. Huonyesha barua zenu zipelekwe wapi. Ikikosewa, hampati majibu.

2. SPF. Ni orodha ya mliowaruhusu kutuma kwa jina lenu. Iwe moja tu. Mkibadilisha kampuni, rekebisheni ile ile. Zikiwa mbili, ukaguzi hushindwa.

3. DKIM. Ni muhuri. Kila barua hupigwa muhuri ikitoka, na rekodi humwezesha mpokeaji kuukagua.

4. DMARC. Ni maagizo: barua isiyothibitika ifanyweje? Anzeni na p=none, yaani isizuiwe. Mkiona mambo ni sawa, wekeni quarantine, iende spamu. Mwisho reject, ikataliwe.

Kampuni inayowatunzia barua pepe huwapa maneno ya kuingiza. Yanakilini bila kuacha hata nukta. Ngojeni siku moja au mbili, kisha mtumie barua mtu mwenye Gmail. Aangalie maelezo ya asili ya barua hiyo: SPF, DKIM na DMARC ziwe zimeandikwa PASS. Wanaotumia anwani ya kawaida ya Gmail wasihangaike. Kazi hii wamefanyiwa.

Jambo kubwa ni hili: akaunti ya domeini iandikwe kwa jina la kikundi, si la kijana aliyewasaidia. Neno la siri liwekwe kwenye bahasha, pamoja na cheti cha usajili. Kijana akihamia mjini, kikundi kisibaki nje ya nyumba yake.

Akina mama wale walirekebisha. Ombi la pili limefika, nao wanangoja ukaguzi. Hata hivyo, ukishatuma jambo kubwa, piga simu uulize kama limefika.

Maswali ya kujadiliana:
- Nani anashika neno la siri la kikundi chetu?
- Domeini yetu inalipiwa lini, na nani anakumbuka?