Cicely Tyson: Mathe Aliyedinda Kazi za Hollywood, Akangoja, Akabeba Tony na Miaka 88

Kama umewahi kumaliza How to Get Away with Murder, kuna sini moja hujaisahau. Annalise Keating, wakili mkali mwenye anatetemesha korti nzima, ameketi sakafuni katikati ya magoti ya mamake. Mathe ameshika kitana, anamchana nywele polepole huku stori ya familia yenye imefichwa miaka ikianza kutoka. Wewe na mimi tunaijua hiyo sakafu. Tumeketi hapo Jumapili jioni, shingo imepindwa, masikio yanawaka, shule ni kesho.

Huyo mathe ni Cicely Tyson. Wengi wetu tulimjua akiwa tayari shosho: kwa muvi za Madea, kwa The Help, kwa A Fall from Grace pale Netflix mwaka wa 2020. So ni rahisi kudhani alikuwa tu yule mzee huitwa Hollywood wakikosa mzee. Zii. Ile sini ikionyeshwa alikuwa na miaka 90, na stori ya nywele za mwanamke mweusi kwa runinga ya Marekani alikuwa ameianzisha tangu 1963. Na ukitaka kujua jina lake lilijengwa na nini, usiangalie tu kazi alizochukua. Angalia zenye alidinda.

Alizaliwa New York, Desemba 19, 1924. Wazazi wake walikuwa wametoka kisiwa cha Nevis, huko Caribbean. Buda aliuza mboga kwa mkokoteni. Mathe alikuwa mtu wa kanisa wa ile kabisa, na kwake sinema na maigizo zilikuwa dhambi, hakuna mjadala. Cicely akapata mtoto akiwa bado tineja, akaolewa, ndoa haikushika, akaishia kuchapa taipu kwa ofisi ya Red Cross. Siku moja akasimama akawaambia wenzake ana uhakika Mungu hakumuumba akae mbele ya taipureta maisha yake yote. Akaingia uanamitindo, kisha uigizaji. Mamake kuskia ati binti ataigiza, akamtoa kwa nyumba.

Sasa hapa weka chini kidogo hiyo presha yako ya "nimefika 24 na sijaomoka." Huyu alianza kuigiza akikaribia miaka 30, akiwa na mtoto wa kulea. Mmoja wa watu wa kwanza kumshika mkono kwa hiyo fani alimshauri apunguze umri wake na miaka kumi, na hiyo uongo ikakaa sana. Hata akiwa shosho bado kuna magazeti yalikuwa yanampa miaka ya chini.

Mwaka wa 1961 akaingia kwa mchezo wa The Blacks, ukumbi mdogo hapo New York. Cheki mbogi: Maya Angelou, Louis Gossett Jr., Roscoe Lee Browne, na msee mmoja wa sauti nzito anaitwa James Earl Jones. Ndio, Mufasa mwenyewe, miaka zaidi ya 30 kabla ya The Lion King. Mchezo ukapigwa zaidi ya mara 1,400. Kumbuka hilo jina la Jones, tutarudi kwake.

1963 akapata nafasi kwa drama ya CBS, East Side/West Side, akiwa sekretari kwa ofisi ya ustawi wa jamii. Akatokea na nywele zake asili, fupi, bila kuzichoma. Leo hiyo ni kitu ya kawaida, lakini wakati huo mwanamke mweusi kwa skrini alikuwa lazima anyooshe. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye vile wenye saluni walimlalamikia kwamba anawaharibia biashara, juu wateja wameanza kuja kukatwa nywele kama zake. Kipindi kilidumu msimu mmoja tu, lakini zile nywele hazikurudi nyuma.

Baada ya hapo ndio kukaanza kudinda. Mwanzo wa miaka ya 70 Hollywood iligundua kwamba watu weusi wananunua tiketi, ikawamwagia muvi za mapimpi, wauza unga na makahaba. Kazi zilikuwa, na doh ilikuwa. Cicely akasema hizo hataki. Alisema ni heri akae bila kazi kuliko kuigiza mwanamke mwenye atamfanya aaibike, na kuna vipindi alikaa hivyo kweli.

Naomba nikiri kitu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na nimewahi kuandika stori chafu kuhusu dem mwenye hakunikosea chochote, juu landlord alikuwa amefunga mlango na kufuli yake. So nikisema "alidinda," sisemi kama mtu wa pembeni. Najua bei ya hiyo neno.

Halafu Sounder ikakuja, 1972. Ni stori ya familia ya wakulima weusi kule Louisiana wakati wa ile njaa kubwa ya uchumi ya miaka ya 30. Baba anafungwa kwa kuiba chakula, mama anabaki kulima na kulinda watoto. Hakuna bastola, hakuna pimpi. Kuna ile sini baba anarudi na mama anamkimbilia barabarani, na kama huwezi kulia hapo, angalia tena. Muvi ikateuliwa Oscar nne, na mojawapo ilikuwa ya Cicely kama mwigizaji bora wa kike. Mwaka huo huo Diana Ross pia aliteuliwa. Liza Minnelli ndiye aliondoka na kikombe.

Wakizunguka kuitangaza, anasimulia, mwandishi mmoja mzungu alikiri mbele ya watu kwamba kuna kitu kilimsumbua: yule mtoto mweusi kumwita babake "Daddy," vile mwanawe humwita yeye. Yaani msee alikuwa hajawahi kufikiria kwamba hao pia wako na madaddy. Cicely akasema tangu siku hiyo hakuweza tena kuchukua kazi ju ya kazi tu.

Na ju ya chapaa? Tyler Perry amesimulia kwamba mathe alimwambia Sounder ilimlipa kama dola 6,000. Miaka mingi baadaye Perry akamwita kwa muvi yake, kazi ya siku moja, akamlipa dola milioni moja. Hiyo ndio deni nimeskia ikilipwa poa zaidi Hollywood, na mwenye alilipa hata hakuwa mwenye alikopa.

1974 ndio alimaliza mchezo. The Autobiography of Miss Jane Pittman, CBS, kutoka kwa riwaya ya Ernest Gaines. Anamwigiza mwanamke mmoja kutoka akiwa na miaka 23 hadi 110, kutoka utumwani hadi wakati wa kupigania haki. Alitembelea wazee kwa makao yao, akasoma vile mkono hutetemeka na macho hutafuta mtu. Mwishowe bibi wa miaka 110 anatembea na mkongojo, hatua kwa hatua, mpaka kwa mfereji wa wazungu pekee, anakunywa maji. Ni hiyo tu. Emmy mbili usiku mmoja.

Kutoka hapo nakimbia. 1977 akawa Binta, mamake Kunta Kinte kwa Roots. 1981 akaolewa na Miles Davis, mwamba wa jazi mwenye alikuwa ameweka uso wake kwa kava ya albamu ya Sorcerer tangu 1967. Ndoa ilikuwa na fujo na iliisha miaka ya 80 ikiisha. 1994 akachukua Emmy nyingine.

Broadway alikuwa ameikosa karibu miaka 30. 2013 akarudi na The Trip to Bountiful, mama mzee anayetoroka nyumba ya mwanawe ili aone kijiji chake kabla afe. Kuna mahali anaimba wimbo wa kanisa, na ukumbi ukawa unaimba naye, usiku baada ya usiku, bila mtu kuwaambia. Akabeba Tony akiwa na miaka 88.

Na si akatulia? Wapi. 2015 akarudi na The Gin Game, mchezo wa watu wawili tu, wazee wanaocheza karata na kutusiana. Huyo mwingine ni James Earl Jones, miaka 54 baada ya The Blacks. Alifikisha miaka 91 akiwa bado anapanda jukwaani.

2016 Obama akamvisha Medali ya Uhuru ya Rais. Diana Ross alikuwa hapo pia, anavishwa yake. 2018 Oscar ya heshima ikafika, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata, akiwa na miaka 93. Kitabu chake, Just as I Am, kilitoka Januari 26, 2021. Siku mbili baadaye akaaga, na miaka 96.

Ukitaka pa kuanzia, anza na Sounder. Halafu rudia ile sini ya kitana, na wakati huu angalia mikono yake.