Kumeng'enya na Kupukuchua: Vimeng'enya Vinavyogeuza Kitini Kuwa Kitosani

Utangulizi

Istilahi kimeng'enya imekwisha kukubalika katika Kiswahili kwa maana ya dutu, aghalabu protini, inayoharakisha mabadiliko ya kikemia katika kiumbe hai. Neno lenyewe limetokana na kitenzi kumeng'enya, yaani kuvunja kitu kikawa vipande vidogo vidogo, kama chakula kinavyovunjwa tumboni. Istilahi hiyo ni nzuri, ila ina hatari yake: humfanya msomaji adhani kwamba kazi ya kila kimeng'enya ni kuvunjavunja. Makala haya yanakusudia kueleza vimeng'enya vinavyogeuza kitini kuwa kitosani, na kuonyesha kwamba vimeng'enya hivyo havivunji kitini. Asiyetambua jambo hilo hawezi kueleza yanayotokea katika shamba la maharagwe.

Kitini na Kitosani

Kitini ni dutu ngumu iliyomo katika magamba ya kamba na kaa, katika gamba la nje la wadudu, na katika kuta za seli za kuvu. Mfaransa Henri Braconnot aliipata katika uyoga mwaka 1811. Mwaka 1823 Auguste Odier aliipata katika wadudu, akaipa jina lililotokana na neno la Kiyunani lenye maana ya vazi. Mnamo 1859 Charles Rouget aliichemsha kitini katika alkali kali, akaona kwamba kile kilichobaki kiliweza kuyeyuka katika asidi. Dutu hiyo ndiyo ambayo Felix Hoppe-Seyler aliiita kitosani mwaka 1894.

Ili tuelewe tofauti ya dutu hizi mbili, na tutazame hindi. Kitini ni mnyororo mrefu wa vipande vya sukari iitwayo glukosamini, na karibu kila kipande kimebeba kikundi kidogo cha atomi kiitwacho asetili. Mnyororo ni kama gunzi, na asetili ni kama punje. Asetili zikiondolewa, mnyororo hubaki mzima kama gunzi lililopukuchuliwa. Kwa kawaida, mnyororo uliopoteza zaidi ya nusu ya asetili zake ndio uitwao kitosani. Pale asetili ilipotoka hubaki kikundi cha amino, ambacho katika asidi hupata chaji chanya. Ndiyo sababu kitosani huyeyuka katika siki, ilhali kitini haiyeyuki.

Vitendo Viwili Tofauti

Kuna vimeng'enya ambavyo kwa hakika huvunja kitini. Hivyo huitwa kitinasi, na hukata mnyororo wenyewe. Vimeng'enya tunavyovizungumzia hapa ni vingine. Hivi huacha mnyororo ulivyo, vikaondoa asetili tu kwa kutumia maji, na asetili hiyo hutoka ikiwa asetati, ambayo ni jamaa ya asidi ya siki. Vingi kati ya vimeng'enya hivi huhitaji ioni ya metali, hasa zinki, ili vifanye kazi. Mwaka 1974 Wajapani Araki na Ito walieleza kimeng'enya cha aina hii kilichotolewa katika kuvu iitwayo Mucor rouxii, ambayo kuta za seli zake zina kitosani nyingi.

Mfano wa Maharagwe

Umuhimu wa tofauti hii unaonekana wazi katika mmea wa maharagwe. Maharagwe hushambuliwa na kuvu iitwayo Colletotrichum lindemuthianum, inayoleta ugonjwa wa chule: madoa meusi yaliyobonyea juu ya maganda na mishipa ya majani. Mmea hujitetea kwa kutoa kitinasi ili kuivunja kitini ya kuvu, na vipande vya kitini vinavyopatikana huwa kama mbiu ya kuuarifu mmea kwamba adui ameingia. Lakini kuvu hiyo nayo ina kimeng'enya cha kupukuchua asetili. Wataalamu wengi wanaona kwamba kuvu hukitumia kujificha: kitini iliyopukuchuliwa haikatwi kwa urahisi na kitinasi, na vipande vyake haviuamshi mmea sana.

Mmea huo huo una rafiki, yaani bakteria za rizobia, ambazo huishi katika vifundo vya mizizi na kuupatia naitrojeni. Bakteria hizi hutengeneza mnyororo mfupi wa kitini, kisha kimeng'enya cha jamii ile ile huondoa asetili moja tu, iliyo kwenye ncha moja ya mnyororo. Mahali hapo hutiwa asidi ya mafuta, na dutu inayopatikana huwa ishara ya kuubishia mlango mzizi. Basi adui na rafiki wote wawili hutumia kitendo kimoja, cha kuondoa asetili; ila mmoja hukitumia kunyamazisha habari, na mwingine hukitumia kupeleka habari. Msomi wa lugha hatashangazwa na jambo hili, kwa kuwa ajua jinsi sauti moja inavyotenganisha pata na bata.

Matumizi

Kitosani hutumika kusafisha maji, kufunika matunda yasioze upesi, na kutengeneza bandeji za kuzuia damu, kwa sababu chaji yake chanya hunasa vitu vyenye chaji hasi. Viwandani hutengenezwa hasa kutokana na magamba ya kamba na kaa, kwa kuyachemsha katika haidroksidi ya sodiamu yenye nguvu ya asilimia 40 hadi 50. Njia hiyo hutumia moto mwingi, huacha maji machafu yenye kuunguza, na haichagui asetili ya kuondoa. Vimeng'enya hufanya kazi katika joto la wastani, na vingine huchagua mahali maalumu. Kikwazo ni kwamba minyororo ya kitini asilia imeshikamana kwa nguvu, hata kimeng'enya hakipati pa kupenya. Kwa hiyo alkali bado inatawala viwandani.

Hitimisho

Tukisema kwamba vimeng'enya hivi "humeng'enya kitini", tutakuwa tumeipa kuvu silaha ya mmea, na mmea silaha ya kuvu. Hatuna haja ya kuliacha neno kimeng'enya, kwa maana limekwisha kuzoeleka. Tunapendekeza tu kwamba kitendo chenyewe kitajwe kwa kitenzi chake: kitinasi humeng'enya kitini, na hivi vingine huipukuchua asetili. Kitenzi hicho hakikutoka maabarani. Wakulima wetu wamekitumia tangu zamani kila wavunapo mahindi, nao wajua vyema kwamba kupukuchua hindi si kulivunja gunzi.